Boya la Nyamoita

“Hakuna mwanaume wa Ekerenyo atanipita kwa baiskeli. Awe anapanda, awe anashuka, awe amelewa, awe ameokoka. Na kama hiyo haiwatoshi, hata maji mniletee.”

Maneno hayo Joyline Nyamoita aliyatoa mwezi wa pili, siku ya soko, kwa kipaza sauti cha chifu, mbele ya watu wasiopungua mia mbili. Chifu alikuwa amempa kipaza sauti aseme neno moja fupi juu ya choo cha soko. Choo hakikutajwa. Hadi leo hakina mlango, na wako wanaomlaumu yeye.

Hiyo ya maji ilimponyoka tu. Mtu akishashika kipaza sauti na watu wakaanza kucheka, mdomo hufanya kazi bila kumuuliza mwenyewe. Wakati huo Nyamoita alikuwa na miaka thelathini na tisa na hakuwa ameogelea hata mara moja. Kichwa chake kilikuwa kimezama majini siku moja tu maishani, siku ya ubatizo, na hata hapo mchungaji alikuwa amemshika kwa mikono miwili na bado alitoka akikohoa mpaka ubeti wa tatu wa wimbo.

Kilichomkasirisha siku hiyo kilikuwa uwanja wa ndizi. Ndizi za Ekerenyo hutoka mashambani kwa vijia vyembamba vya kupanda na kushuka, huletwa uwanjani, na malori ya mbali huja kuzichukua. Zamani wabebaji wote walikuwa na baiskeli. Kisha pikipiki zikaja. Mmoja akanunua, wa pili akamwonea wivu, wa tatu akauza ng'ombe, mpaka ikabaki baiskeli moja peke yake, ya Nyamoita, nyeusi, ya chuma kitupu, isiyo na gia, yenye keria pana kama meza ya sebuleni. Mwenyekiti wa wabebaji, Bwana Ondieki, mtu mwenye pikipiki mbili na tumbo linaloomba ya tatu, alisimama barazani akasema kwamba kuanzia mwezi wa saba baiskeli zisiingie uwanjani, zinachelewesha foleni. Alisema “zisiingie”, kwa wingi, na watu wote wakageuka kumtazama mtu mmoja.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya mume wake, Ogari. Miaka tisa iliyopita mgongo wa Ogari uligoma katikati ya mlima, mikungu minne ikiwa nyuma. Alilala kitandani wiki mbili akiitazama baiskeli ilivyoegemea ukuta, na Nyamoita akiitazama pia, kila mmoja akingoja mwenzake aseme. Wiki ya tatu Nyamoita aliitoa nje. Alianguka nayo mara saba kabla ya kufika barabarani, na jioni akarudi na unga. Tangu hapo Ogari akawa mtu wa majani chai, ng'ombe na jikoni, na hakuna spoki ya baiskeli hiyo asiyoifahamu kama mtoto wake. Mwaka wa kwanza wanaume wenzake walimcheka. Mwaka wa pili walikuwa wakipita kwake kwa bahati mbaya saa ya chakula.

Sasa kuna kijana aliyeinasa ile hotuba ya barazani kwa simu, na hotuba ikatembea kuliko mwenyewe. Baada ya wiki mbili Linda, binti ya Nyamoita aliyekuwa kidato cha tatu, alikuja nyumbani wikendi na kumwekea mama yake simu mbele ya macho.

“Mama, wameleta.”

“Wameleta nini?”

“Maji.”

Lilikuwa tangazo. Ubingwa wa Visiwa, mashindano ya michezo mitatu ya porini, Kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria. Kuogelea kilomita moja ziwani. Baiskeli kilomita ishirini na nne, njia ya mawe inayozunguka kisiwa. Kisha kukimbia kilomita nane, mlima kupanda na mlima kushuka. Chini ya tangazo mtu alikuwa ameandika jina la Nyamoita, na watu mia nne walikuwa wamekubaliana naye. Ofisi ya michezo ilikuwa imeahidi kumlipia kiingilio yeyote wa kaunti yao ya Nyamira atakayejitokeza. Ilikuwa ahadi rahisi, kwa sababu hakuna aliyewahi kujitokeza.

Kesho yake asubuhi Ondieki alikuwa akimngoja uwanjani.

“Mama Linda, nasikia unaenda kuoga kwa ziwa.”

“Kuogelea, mwenyekiti. Kuoga ni ile kitu tunakuombea.”

Wabebaji walicheka mpaka mmoja akaangusha mkungu. Ondieki naye alicheka, kwa sababu si mtu mbaya. Ni mtu aliyechoka kusubiri foleni.

“Haya,” akasema. “Tuongee kama watu wazima. Ukienda na hiyo baiskeli, umalize hiyo mambo yote tatu, hata ukiwa wa mwisho, jina lako iwe kwa karatasi, basi hii baiskeli itaingia hapa mpaka ife. Usipomaliza, unaitoa mwenyewe. Sitaki kelele.”

“Karatasi gani?”

“Ile ya matokeo. Nisome Nyamoita na macho yangu.”

Walipeana mikono mbele ya uwanja mzima. Jioni Nyamoita alimkuta Ogari jikoni akisonga ugali.

“Umeshasema?” Ogari akauliza bila kugeuka.

“Nimeshasema.”

“Kwa kipaza sauti?”

“Ya kwanza kwa kipaza sauti. Ya pili kwa mkono.”

Ogari aligeuza ugali mara mbili, akaupiga mwiko kuuweka sawa. “Basi tutafute mtu wa ziwa.”

Mtu wa ziwa hakuwa mbali. Okoth, muuza samaki, alikuwa ameishi Ekerenyo miaka kumi na mmoja akitokea upande wa Homa Bay, na Ekegusii chake, lugha ya Wakisii, kilikuwa kizuri kuliko cha watoto wa wenyeji waliozaliwa Nairobi. Alikubali kumfundisha bila kufikiria, kama mtu aliyeombwa kufundisha kupumua. Ila kabla ya somo la kwanza kanisa nalo lilikuwa na swali. Lililetwa na mzee wa kanisa, Mzee Onchiri, aliyefika na kofia mkononi.

“Dada Nyamoita, ndugu wanauliza. Huko kwa maji utavaa nini?”

“Mzee, mlinibatiza na nini?”

“Joho.”

“Hiyo itanizamisha.”

Mzee Onchiri alilitafakari hilo kwa uzito wake. “Basi kiwe kirefu,” akasema. “Na isiwe Sabato.”

Mashindano yalikuwa Jumapili. Kanisa halikuwa na swali jingine. Nyamoita alinunua baika, kaptula ya kubana, ya kufika magotini, akavaa juu yake fulana ya michezo ya Linda, yenye jina la shule mgongoni, na akaingia katika kidimbwi cha samaki cha vijana wa kijiji, maji ya kumfika kifuani. Samaki walihamia pembeni wakabaki huko.

Shida ilionekana siku ile ile. Nyamoita aliyashika maji kama anavyoushika usukani wa baiskeli mlimani, kwa mabega yote mawili na kwa hasira.

“Nyar Kisii,” Okoth akamwita kutoka ukingoni, maana yake binti wa Kisii, “maji si mkungu. Usiikabe.”

“Nisipoikaba itaenda wapi?”

“Haiendi mahali. Wewe ndiye unaenda.”

“Chini.”

“Ni kwa sababu umeikaba.”

Hivyo ndivyo walivyozungumza kwa wiki tano. Alikunywa maji ya samaki kiasi cha kutosha kuwa jamaa yao. Wiki ya sita, asubuhi moja, alichoka kugombana, akalegea, na mwili ukaelea wenyewe. Alibaki hapo akitazama mawingu, na Okoth akasema hiyo ndiyo dakika ndefu zaidi aliyowahi kumwona amenyamaza. Baada ya hapo alijifunza kuogelea kama chura, uso nje ya maji, shingo juu kama mama anayetafuta mtoto wake harusini. Jumapili walishuka Kendu Bay kujaribu ziwa lenyewe. Polepole lakini anafika, Okoth alimwambia Ogari. Ogari alimpa ndizi, akaingia nyumbani kubadilisha mpira wa breki ambao haukuwa na tatizo.

Walivuka kwenda Mfangano siku ya Ijumaa, yeye na Okoth, kwa boti ya abiria kutoka Mbita, baiskeli ikiwa imelazwa juu ya magunia ya sukari. Ogari alibaki na ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa. Sabato Nyamoita alisali na Waadventista wa kisiwani. Walipomwita mbele ajitambulishe alianza vizuri, jina, mume, kanisa, kisha Okoth, aliyekuwa ameketi nyuma kama mgeni mwenye adabu, akamwona akivuta pumzi ndefu. Alikohoa kwa nguvu. Nyamoita aliketi.

Jumapili asubuhi ufuo ulikuwa umejaa baiskeli za watu wengine. Zilikuwa nyepesi kiasi kwamba mwenye nayo aliinyanyua kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya nje. Kijana wa kukagua alipofika kwa ile nyeusi aliizunguka mara mbili.

“Mama, toa keria. Ni uzito bure.”

“Nikiitoa itanirusha. Hii haijawahi kwenda bila mzigo.”

Na kweli, mtu aliyeteremka milima kwa miaka tisa na mikungu nyuma huona baiskeli tupu kama punda mlevi. Kwa hiyo Nyamoita alifunga kwenye keria mkungu mmoja wa ndizi za sukari zilizoiva, akaukaza kwa mpira. Kijana alipekua karatasi za kanuni kurasa zote. Ndizi hazikutajwa.

Kisha jaji mkuu akapanda juu ya mwamba kutoa maelekezo. Aliitwa Madam Adhis, mwalimu wa hesabu kutoka Mbita, mwanamke mrefu mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi.

“Mtaogelea hadi boya la manjano. Mtalizunguka mkiliacha mkono wa kushoto, kisha mtarudi ufuoni. Mnazo dakika hamsini. Asiyelizunguka boya, ameondolewa.”

Hapa inabidi tusimame kidogo. Kwa watu wa pwani, na kwa watu wa ziwa, na kwa yeyote anayeishi karibu na maji ya kutosha, boya ni chombo kinachoelea, kimefungwa kamba chini, cha kuonyesha mahali. Ekerenyo hakuna kinachoelea. Ekerenyo boya ni mtu. Ni yule mjinga ambaye jambo linapita mbele yake na yeye bado anatafuta kofia. Nyamoita alilitumia neno hilo mara kumi kwa siku, sita zikiwa za madereva wa malori.

Mwenye sikio la ngeli angelisikia lile “la” na kushtuka, kwa sababu mtu hawi “la manjano” hata akipakwa rangi. Lakini ngeli kwetu ni kama fulana ya ndani: aliyevaa amevaa, na asiyevaa hakuna atakayemfunua. Watu husema “hiyo mtoto” na mtoto anakuja, husema “hii mwalimu” na mwalimu anaitika. Kwa hiyo Nyamoita hakuona kosa lolote la sarufi. Aliona tu kwamba ni vibaya mwalimu mzima kumtukana mtu hadharani. Huyu mama ni mkali, akawaza. Labda huyo boya ni mume wake.

Akatazama ziwani. Karibu kulikuwa na pipa kubwa la manjano likicheza juu ya maji. Alifikiri ni tangi la mtu lililochukuliwa na upepo. Mbali zaidi, nyuma ya lile pipa, kulikuwa na mtumbwi, na ndani ya mtumbwi kijana mwenye jaketi la kuokolea, la manjano, kidevu kikiwa kimelala kifuani. Huyo hakuhitaji kutambulishwa. Mtu anayesinzia wakati watu arobaini na watatu wanajiandaa kuogelea kwenda kumzunguka, jina hilo amelipata kwa haki.

Filimbi ikalia. Nyamoita aliwaacha wenzake watangulie, kama Okoth alivyomwagiza, ili asipigwe mateke, kisha akaingia nyuma yao taratibu, shingo juu. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na hakuyakaba. Alipofika katikati aliwaona waliomtangulia wakifika kwenye tangi, wakigeuka, wakirudi. Wote. Aliwasikitikia sana. Watu wazima, na baiskeli za bei hiyo, na hawasikii maelekezo. Wote hao wameondolewa. Alilipita tangi likiwa kushoto kwake, na kwa muda wa dakika kumi hivi Nyamoita wa Ekerenyo aliamini kwamba anaongoza ubingwa.

Alipoukaribia mtumbwi alisalimu.

“Kaka, habari ya asubuhi.”

Kijana alishtuka nusura adondoke. Aliitwa Dancun, na alikuwa amejitolea kuwa mwokoaji.

“Mama. Uko sawa? Nikuokoe?”

“Hapana, niko sawa. Samahani kuuliza. Ni wewe yule wamesema?”

Dancun alijua kwamba waokoaji huwa wanatajwa kwenye maelekezo. “Ndiyo,” akasema. “Ni mimi.”

“Na hukuskia vibaya?”

“Niskie vibaya aje? Si ni kazi.”

Nyamoita aliguswa moyoni. Alimzunguka polepole, kwa heshima, akimwacha mkono wa kushoto, akamwambia pole, Mungu anakuona, akaanza safari ya kurudi. Dancun alimsindikiza kwa macho mpaka usingizi ukamkumbuka tena.

Alitoka majini dakika ya arobaini na tisa. Ofisa mmoja mwenye ubao wa kuandikia alikuwa akimngoja.

“Namba sitini na moja, hukugeuka kwa boya. Ulipita.”

“Nilimzunguka. Hata tulisalimiana.”

Ofisa alimwangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyekunywa ziwa. “Naandika alama ya kuuliza. Endelea tu, mama. Jaji ataamua mwisho.”

Ile baridi iliyomwingia hapo haikutoka ziwani. Alivaa viatu, akavaa helmeti ya kuazima, akaishika baiskeli, na alichokiona mbele yake hakikuwa njia. Aliuona ule ukuta wa nyumbani, baiskeli ikiwa imeuegemea tena, na Ogari ameketi akiitazama. Akapanda.

Njia ya Mfangano ina mawe ya ukubwa wa sufuria, inapanda ghafla na kushuka bila kuaga. Kwenye milima wenye gia waliteleza wakashuka kusukuma. Nyamoita alisimama juu ya pedali, akahema kwa mdomo, akawapita mmoja baada ya mwingine, akiwasalimu, kwa sababu ni vibaya kumpita mtu kimya. Kwenye miteremko mkungu ulimkandamiza nyuma, na baiskeli nyeusi ikatulia kama ng'ombe anayerudi nyumbani. Kwenye kona moja alimkuta mwanaume wa Nairobi, mwenye miwani ya rangi ya upinde wa mvua, ameketi chini ameshika paja.

“Imekaza?” akamuuliza.

“Imekaza, mathe,” akajibu; mathe kwao ni mama.

Alimrushia ndizi mbili bila kusimama. Alipofika mwisho wa njia hiyo alikuwa amewapita watu kumi na wanne na mkungu, kwa kuwagawia wa njiani, ulikuwa umebaki nusu.

Kukimbia hakujua na hakujifanya anajua. Alipanda mlima kwa mwendo wa mwanamke aliyechelewa kanisani, mkono mmoja kiunoni. Tisa kati ya wale kumi na wanne walimpita tena, mmoja wao yule wa Nairobi, aliyemwita mathe kwa mapenzi mapya. Kuteremka alikimbia, kwa sababu mlima ulimlazimisha. Alivuka mstari saa nne na dakika ishirini na mbili baada ya filimbi. Mwisho wa muda ulikuwa saa nne u nusu. Watu watano walikuwa bado nyuma yake.

Aliiendea karatasi ya matokeo kabla ya kwenda kunywa maji. Kwenye nafasi ya thelathini na nane palikuwa na alama ya kuuliza, ya penseli, na jina hapana.

Madam Adhis alikuwa ameketi chini ya turubai. Okoth alisimama nyuma ya Nyamoita akiwa ameshika helmeti yake kwa mikono miwili.

“Namba sitini na moja,” jaji akasema. “Ulilizunguka boya?”

“Nilizunguka, Madam.”

“Boya lipi?”

Nyamoita aliona haya, kwa sababu Dancun alikuwa amesimama pale pale akinywa soda. Hakutaka kumnyooshea kidole. Alimwonyesha kwa kidevu.

“Yeye.”

“Yeye nani?”

“Huyu kaka. Ni wewe ulisema, Madam. Boya wa manjano. Mimi singemuita hivyo, lakini wewe ndio jaji.”

Dancun aliishusha soda. “Madam,” akasema taratibu, “ulisema mimi ni nini?”

Okoth aligeuka akalitazama ziwa kama mtu anayesali, mabega yakimtikisika. Ilichukua muda. Madam Adhis alieleza kwamba hakumtaja mtu yeyote, kwamba boya ni kitu kinachoelea juu ya maji.

“Hata yeye alikuwa anaelea,” Nyamoita akasema.

Yule ofisa wa ubao hakucheka. Alisema kanuni ni kanuni: kila mtu aligeuka kwenye boya, huyu hakugeuka, na asiyelizunguka ameondolewa. Nyamoita alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa sauti ambayo Okoth hakuwahi kuisikia kwake, ndogo.

“Madam, sitafuti namba. Niweke wa mwisho, nyuma ya hao watano. Lakini ukiniondoa, hii baiskeli inatoka kwa uwanja wa ndizi. Niliahidi. Na hii baiskeli ndio tunakula nayo.”

“Hilo halimo kwenye kanuni,” Madam Adhis akasema. Kisha akageuka. “Dancun. Ulikuwa wapi?”

“Pale nilipowekwa.”

“Dancun.”

“Nilikuwa nimesonga kidogo. Kamba ya nanga ililegea.”

“Ukasonga upande gani?”

“Ndani. Kama mita themanini, nyuma ya boya.”

“Ulikuwa umelala.”

“Nilikuwa nimefumba macho, Madam.”

Jaji aliinuka, akaokota kijiti, akapiga mstari mchangani. “Huu ni ufuo. Hili ni boya.” Akaweka nukta. Nyuma ya nukta akaweka nyingine. “Huyu ni Dancun, amefumba macho.” Kisha akamgeukia ofisa. “Namba sitini na moja alipokwenda, boya lilikuwa upande wake gani?”

“Kushoto.”

“Aliporudi?”

Ofisa alitazama ubao wake, akatazama mchanga. “Kushoto.”

Kijiti kikatoka ufuoni, kikaipita nukta ya kwanza, kikaizunguka ya pili, kikarudi. “Sasa boya liko wapi?”

“Liko ndani.”

“Ndani ya nini?”

“Ndani ya mviringo wake.”

“Watoto wa darasa la tano wanajua hili,” Madam Adhis akasema. “Aliyezunguka kilicho nyuma ya boya amelizunguka boya. Amefanya kazi ya ziada, na kazi ya ziada haina alama.” Akaifuta ile penseli, akatoa kalamu kwenye nywele zake, akaandika jina lote, herufi kubwa.

Nyamoita alienda kando, chini ya mti wa kivuli kidogo, akapiga simu nyumbani.

“Nimeandikwa,” akasema.

“Kwa penseli ama kwa kalamu?” Ogari akauliza. Okoth alikuwa ameshampigia.

“Kalamu.”

Alimsikia mumewe akivuta kamasi, akasikia ng'ombe, akasikia kitu kama ndoo ikiwekwa chini.

“Breki ya nyuma ilikusumbua?”

“Haikusumbua hata kidogo.”

“Nilijua,” Ogari akasema, akakata simu haraka, kwa sababu ni mwanaume na alikuwa karibu kusema jambo jingine.

Jumanne Nyamoita alifika nje ya uwanja na mikungu mitatu, kama kawaida yake. Ondieki aliipokea simu yenye picha ya karatasi, akaikuza kwa vidole, akaisoma kuanzia wa kwanza mpaka akafika thelathini na nane. Alilisoma jina kwa sauti, herufi moja moja, na macho yake mwenyewe.

“Kuna watu watano nyuma yako,” akasema.

“Watano, mwenyekiti.”

“Wazima? Hawakuwa wagonjwa?”

“Wazima kabisa.”

Ondieki alirudisha simu. Alienda kwenye mlango wa uwanja, akaisogeza pikipiki yake mwenyewe iliyokuwa imeziba njia, akasimama pembeni mpaka baiskeli ikapita. Wabebaji wote walimwona.

Baiskeli inaingia mpaka sasa. Mvua ikinyesha wiki nzima, vijia vya bondeni vinageuka uji na pikipiki zinalala ubavu, wenye ndizi humpigia simu Mama Linda, na yeye huwauliza wako wapi na ni mikungu mingapi. Kutoka bondeni hadi uwanjani, mkungu mmoja ni shilingi sitini.